Oops si mlio: vihisishi vya Kiingereza na adabu ya kushtuka

Fungua kitabu chochote cha sarufi ya Kiingereza kinachotumika shuleni kwetu, uende kwenye aina za maneno. Nomino zina kurasa zake. Vitenzi vina sura nzima, pamoja na zile nyakati zinazowatoa wanafunzi jasho. Vihisishi vinakuja mwisho kabisa, nusu ukurasa, kengele ya mapumziko ikiwa inakaribia kulia. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba kihisishi ni neno linaloonyesha hisia ya ghafla: wow ni furaha, ouch ni maumivu, alas ni huzuni, hurrah ni ushindi. Msisahau alama ya mshangao. Fungeni madaftari.

Maelezo hayo si uongo, ila kuna mtu yamemwacha nje, naye ni yule anayesikiliza. Yanatufanya tuamini kwamba hisia ikimzidi mtu hububujika yenyewe mdomoni, na kwamba Mwingereza husema ouch kwa sababu ile ile inayomfanya atokwe na damu akijikata. Mimi naona vihisishi ni sehemu ya lugha iliyojaa adabu na mazoea kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana mtu anaweza kufaulu Kiingereza kwa alama za juu, akaandika barua ya kazi isiyo na doa, na bado siku ya kujibana kidole mlangoni akashtuka kwa Kiswahili, au kwa Kichaga, au kwa Kiluo cha bibi yake.

Dharau kwa maneno haya ni ya zamani. Wanasarufi wa Kigiriki waliyachanganya na vielezi. Warumi ndio walioyapa kundi lake, na sababu inayotajwa sana inachekesha: Kilatini hakikuwa na vijineno vya kutangulia nomino, mfano wa the ya Kiingereza, ambavyo Kigiriki kilikuwa navyo, kwa hiyo hesabu ya aina nane za maneno ingepungua, ikabidi pengo lizibwe. Jina walilolipa kundi hilo, interiectio, maana yake ni kitu kilichotupwa katikati. Mwaka 1786 Mwingereza John Horne Tooke aliandika kwamba kihisishi ni kimbilio duni la wasio na usemi, na kwamba ufalme wa lugha umesimama juu ya kuanguka kwa vihisishi. Hata Edward Sapir, mmoja wa mabingwa wa isimu ya karne iliyopita, aliandika mwaka 1921 kuwa vihisishi, vikizidi sana, ni pindo la mapambo tu kwenye kitambaa kipana cha lugha. Ilipofika 1992 Felix Ameka, mwanaisimu wa Ghana na mzungumzaji wa Kiewe, alitoa makala iliyolalamika tangu kwenye kichwa chake kwamba aina hii ya maneno ipo kila mahali na imepuuzwa kila mahali. Sishangai kwamba lalamiko hilo lilitoka kwa mtu wa Afrika Magharibi. Ukikulia sokoni kwao, au kwetu, huwezi kudanganywa kwamba mtu anayesema mh! hajasema kitu.

Sasa tutazame kikombe kinavyomwagika. Karani wa ofisi fulani London amebeba vikombe viwili vya chai, mlango unamgusa kiwiko, chai kidogo inaingia kwenye zulia. Anasema oops. Hajaumia, hana huzuni, na furaha ndiyo kabisa. Kitabu cha shule hakina sanduku la kumweka.

Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, alilishughulikia neno hili katika makala aliyoichapisha mwaka 1978. Kwa maelezo yake, anayesema oops anawaambia waliomwona: nimeona nilichofanya, ni bahati mbaya, akili zangu ziko sawa, na jambo lenyewe ni dogo. Kazi ya neno ni kulipunguza tukio. Ukitaka kujua kama Goffman amepatia, jaribu kuliweka oops mahali pasipo pake. Daktari wa upasuaji, kisu mkononi, anasema oops. Rubani anasema oops kwenye kipaza sauti. Dereva aliyemgonga mtoto anashuka na kusema oops. Hakuna atakayesikiliza amri ya pili kutoka kwa watu hao. Kama neno lingekuwa hisia iliyofurika, ajali kubwa ingezaa oops kubwa. Lakini ajali ikiwa kubwa oops hutoweka, kwa sababu hakuna tena cha kupunguza. Na mama wa Kiingereza humsemea mtoto wake oops pale mtoto anapojikwaa. Mshtuko ni wa mtoto, neno ni la mama. Hapo ndipo mtoto anapofundishwa kwamba kujikwaa kule hakustahili kulia.

Wapo wanaouliza: mbona hata tukiwa peke yetu jikoni tunasema? Ni kweli. Hata kuchana nywele tunachana siku ambazo hatutoki.

Kiswahili hakina oops. Anayemwaga chai Tanga atasema lo!, au Bismillahi!, na waliokaa jirani watamwitikia pole. Ukitazama vizuri, kazi imegawanywa kinyume. Kwa Waingereza aliyemwaga ndiye anayewatuliza watazamaji. Kwetu watazamaji ndio wanaomtuliza aliyemwaga, na wakinyamaza tunawaona hawana utu. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo linalotuletea kizaazaa kikubwa kuliko yote.

Nisije nikaonekana nakana mwili. Maumivu yana irabu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha vihisishi vya lugha 131 duniani, ukakuta kwamba vile vya maumivu huegemea sana irabu a na miungano kama ai na au. Kiingereza kina ow, Kifaransa aïe, Kijerumani au, nasi tuna aa! na ayaa!. Watafiti walipogeukia vihisishi vya furaha na vya kinyaa, mfanano wa namna hiyo hawakuupata. Na mdomo wenyewe una faida: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watu walitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali, na waliosema ow walivumilia muda mrefu kuliko walionyamaza. Kinachofurahisha ni kwamba waliobonyeza kitufe kila walipoumia nao walivumilia vizuri, ilhali kusikia sauti yao wenyewe iliyorekodiwa hakukuwasaidia kitu. Miaka sita kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza walikuwa wameonyesha kwamba wanaotukana mkono ukiwa kwenye barafu hustahimili zaidi kuliko wanaotaja neno la kawaida. Kwa hiyo irabu tumepewa na koo na mapafu.

Lakini ile ch ya mwisho katika ouch imetoka wapi? Kamusi huifuatilia hadi Marekani ya karne ya 19, kwa walowezi wa Kijerumani wa Pennsylvania waliosema autsch. Kabla ya hapo Waingereza waliumia karne na karne bila ouch. Katika tamthilia za Shakespeare neno lenye umbo hilo lipo, ila ni kito cha kujipambia kifuani. Mtu akichomwa upanga jukwaani hawezi kulitumia. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, alishalisema mapema, akitoa mfano wa aïe ya Kifaransa na au ya Kijerumani: kama kilio kingekuwa asili tupu, mipaka ya nchi isingekibadilisha.

Tuingie kwenye jina la Mungu, maana hapa ndipo Kiingereza kilipofanya mambo ya ajabu kweli kweli.

Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwabana waigizaji: atakayetaja jukwaani kwa mzaha jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu, faini pauni 10 kwa kila kosa. Ukichukua Othello ya Shakespeare iliyochapwa 1622 utakuta wahusika wanaapa zounds, yaani majeraha ya Mungu. Ukichukua ile iliyochapwa 1623 kwenye juzuu kubwa la tamthilia zote, viapo hivyo vimefyekwa. Sheria ya jukwaa ilikuwa sehemu ndogo tu ya hofu kubwa iliyotokana na amri ya kutolitaja bure jina la Bwana. Watu hawakuacha kushtuka. Walichofanya ni kuanza na sauti ya jina, kisha kukata kona kabla hawajafika. God ikawa gosh na golly. Jesus ikawa gee na jeez. Christ ikawa crikey. Damn ikawa darn, hell ikawa heck. Blimey ya mitaa ya London ni laana ya zamani ya kumwomba Mungu ampofushe msemaji, ikasagwa mpaka msemaji mwenyewe asijue anajiombea nini. Sehemu nzuri ya mshangao wa Kiingereza ni majina matakatifu yaliyovaa kanzu ya kuazima.

Pwani yetu ilishika njia nyingine, na chanzo ni ucha Mungu ule ule. Likitokea la kushtua, mtu anatakiwa amtaje Mungu, tena wazi: Subhanallah! Yarabi! Mungu wangu! Habari ya kifo inapokelewa kwa Inna lillahi, na anayeanza na neno jingine huangaliwa kwa jicho la pembeni. Lahaula yetu ni kipande cha maneno marefu ya Kiarabu yanayosema hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Imefupishwa, ndiyo, ila iliyoifupisha ni haraka. Hakuna aliyekuwa anakwepa faini. Viapo ni kesi nyingine, maana Wallahi ya ovyo hukemewa hata vijiweni.

Sasa mchukue msichana aliyelelewa Lamu au Bagamoyo, umpeleke aishi na familia ya Kikristo yenye msimamo kule Tennessee, Marekani. Sahani inaanguka. Anatafsiri kilicho moyoni, anasema Oh my God, na kwa kwao amesali. Mama mwenye nyumba anakunja uso, kwa sababu watoto wake wamefundishwa waseme gosh au goodness. Sarufi ya msichana haina kosa hata moja. Na wanaodhani OMG ni uchafu wa watoto wa simu wajue kwamba ilishaandikwa na Admeral Lord Fisher, mzee wa miaka zaidi ya sabini, katika barua kwa Winston Churchill mwaka 1917.

Kihisishi ninachokiona kigumu kuliko vyote ni kile kifupi kuliko vyote, oh. Vitabu vyetu vinasema ni mshangao. John Heritage, aliyechambua mazungumzo halisi ya watu yaliyorekodiwa, alionyesha mwaka 1984 kwamba kazi kuu ya oh ni kutangaza badiliko la ujuzi: sikuwa nalijua hilo, sasa nalijua. Ukiambiwa treni imeshaondoka unasema oh, na aliyekupa habari anatua mzigo wake, anajua umepokea. Usiposema atarudia, au atadhani ulikuwa unajua tangu mwanzo na umemchezea akili. Wachambuzi hao wakagundua na jambo jingine: mtangazaji anayemhoji waziri haisemi oh. Kazi yake ni kuwauliza watu kwa niaba ya wasikilizaji, na akionyesha yeye ndiye aliyeelimika anaharibu. Mwalimu darasani naye, akiuliza mji mkuu wa Ufaransa akajibiwa Paris, hasemi oh, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Anasema good.

Fikiria maana yake kwetu. Watoto wetu wengi wanakutana na Kiingereza mahali pawili tu, darasani na kwenye taarifa ya habari, na hapo pote pawili oh ya kweli haipo. Wanamaliza miaka na miaka ya masomo hawajaisikia ikifanya kazi.

Kiswahili kazi hiyo kimeigawia maneno kadhaa. Kumbe inapokea habari na papo hapo inakiri kwamba nilikuwa nadhani vingine. Tena inakaa vizuri ndani ya sentensi, kumbe treni imeshaondoka, jambo ambalo oh haiwezi. Ahaa inasema nimeelewa. Alaa ina mkunjo wa kutopendezwa. Lo inabeba mshangao, mh shaka. Kiingereza kinaitwika oh peke yake karibu mzigo huu wote, kisha kinatofautisha kwa sauti: fupi na ya kushuka ni kukata tamaa, ndefu ya kupanda na kushuka ni kuvutiwa, bapa ni sitaki kusikia zaidi. Mwanafunzi wetu anabeba oh moja yenye sauti moja, ile ya kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Mwenzake anamsimulia kuwa mama yake amepona, naye anatoa oh bapa. Urafiki unapoa, na hakuna atakayejua kosa lilikuwa kwenye lafudhi ya herufi mbili.

Hata neno linalodaiwa kuwa la dunia nzima halikwepi adabu. Mwaka 2013 watafiti watatu waliochunguza lugha 10, Kisiwu cha Ghana kikiwemo, walitangaza kwamba huh ya kuuliza umesemaje ina umbo linalokaribiana katika zote. Nasi tuna ee? yetu inayoingia humo humo. Lakini mtoto wa Unguja akiitwa na shangazi yake na kuitika ee?, atakachokipata anakijua. Ataitika abee au naam, kutegemea ni binti au ni mvulana.

Kuna mlio mmoja nautaja kwa kupita. Ile tut-tut ya Kiingereza ya kusikitika au kukaripia, kiasili si t wala u. Ni ulimi unaonyonywa nyuma ya meno ukaachiwa, sauti ambayo Kiingereza hakiitumii kujenga neno lolote la kawaida. Wahadza wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Dodoma wanazitumia sauti za jamaa hiyo ndani ya maneno ya kila siku, ya kutaja wanyama na miti. Kilicho mlio wa nje ya lugha kwa mmoja ni konsonanti halali kwa mwingine. Horne Tooke angekuwa na kazi ya kuueleza ufalme wake huko.

Vihisishi pia husafiri, na vikifika ugenini havikumbuki kwao. Hello ilikuwa ukelele wa kumshtua au kumwita mtu mpaka simu ilipovumbuliwa. Alexander Graham Bell alitaka watu wapokee kwa ahoy ya mabaharia. Thomas Edison, katika barua ya Agosti 1877, akapendekeza hello kwa kuwa inasikika mbali, na Edison akashinda. Halo yetu imetoka huko. Tunalo aisee, mtoto wa I say, msemo waliokuja nao wakoloni. Kwao sasa ukiusikia ni kwenye maigizo ya mabwana wenye masharubu na miwani ya jicho moja. Kwetu uko kwa kondakta, kwa mbunge na kwa bibi harusi, na Moshi na Arusha hakuna mazungumzo yanayofika dakika tano bila aisee.

Duh nayo ina hatari yake. Kwa Mmarekani ni kejeli, kana kwamba unauliza hilo nalo nilihitaji kuambiwa. Kwa kijana wa Dar es Salaam ni mshtuko wenye huruma ndani. Mtu akiandikiwa kwamba baba wa rafiki yake amelazwa, akajibu Duh! kwa moyo mweupe, halafu rafiki mwenyewe amekulia Ohio, hapo kuna maelezo ya kutolewa.

Na alas? Iondoeni mitihani. Ilitoka Kifaransa cha kale, imeshikwa na maandishi, na leo mwandishi wa gazeti huitumia kwa kutabasamu anapolalamikia treni zilizochelewa. Msibani Birmingham hakuna anayelia alas. Watu husogea mmoja mmoja kwa mfiwa na kusema I'm so sorry.

Hiyo sorry ya msibani ni pole kabisa, haina kosa wala kuomba radhi ndani yake. Mwingereza anayo, ila ameiwekea mpaka: ni ya kifo, ugonjwa, talaka, kufukuzwa kazi. Sisi tumeuvunja mpaka huo, tukaishusha hadi kwenye kujikwaa, kupaliwa na maji na kudondosha funguo. Mtu anateleza barabarani, wapita njia watatu wanasema sorry, na Mzungu aliyefika juzi anawashangaa: mbona wanaomba radhi, nani amemsukuma mwenzake? Waalimu wengi huliita hilo kosa la tafsiri. Mimi sioni kosa. Naona Kiingereza cha Afrika Mashariki kimelipanua neno ambalo lilikuwa tayari na nafasi hiyo, kwa sababu utaratibu wetu hauruhusu aliyejikwaa ajifariji mwenyewe kwa oops. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiandika kwenye karatasi kwamba alimwambia sorry mwenzake aliyeanguka, asikatwe alama. Aelezwe tu kwamba akifika Leeds atajibiwa haikuwa kosa lako, na kwamba jibu hilo nalo, kwa wenyewe, ni upole.